Binti Mfalme Aliyeandika Maisha Yake, na Waliomtungia Hadithi

Kila mwenye kibanja hapa Nshambya anajua kazi ya mti wa mpaka. Mwenye kibanja akifa bila kuwaonyesha watoto mipaka yake, jirani huja akasema, "Mpaka ulipita hapa." Pengine asema kweli, pengine asema apendavyo, naye marehemu hawezi kuinuka amjibu. Maisha ya mtu yako vivyo hivyo. Aliyeandika habari zake kwa mkono wake amepanda miti ya mpaka. Asiyeandika, wengine watamwandikia, nao wataandika kadiri wajuavyo, au kadiri wapendavyo.

Tumeona vema mwezi huu tuseme juu ya vitabu vya namna moja ambavyo vinazidi kutungwa duniani, yaani riwaya za historia juu ya wanawake waliokuwa waandishi mashuhuri. Mtungaji wa riwaya kama hiyo humchukua mwanamke aliyeishi kweli, mwenye jina lake na miaka yake, kisha humtia maneno kinywani na mawazo moyoni ambayo hakuna aliyeyasikia. Mwaka 1998, kwa mfano, Mmarekani Michael Cunningham alitoa riwaya iliyomhusu Virginia Woolf, mwandishi wa Uingereza aliyekufa mwaka 1941. Wako wasemao kwamba kazi hiyo ni uongo mtupu. Wako pia wanaoisoma kana kwamba ndiyo historia yenyewe. Sisi twaona makundi yote mawili yamepotea njia, na sababu zetu tutazieleza kwa kumtazama mwanamke mmoja wa pwani yetu, Seyyida Salme binti Said wa Unguja, ambaye Wazungu humjua kwa jina la Emily Ruete.

Kuzaliwa kwake, na jinsi alivyopata kalamu

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, lililo pwani, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mama yake aliitwa Jilfidan, suria wa kabila la Wacherkesi, aliyetekwa kwao angali mtoto mdogo akauzwa mbali. Ndugu zake Salme walikuwa wengi. Yeye mwenyewe ameandika kwamba baba yao alipofariki mwaka 1856 watoto waliobaki hai walikuwa 36, wanaume 18 na wanawake 18.

Katika jumba hilo wasichana walifundishwa kusoma Kurani, walakini kuandika hawakufundishwa. Kuandika kulihesabiwa kuwa kazi ya wavulana. Basi Salme akajifundisha kwa siri. Watoto wa siku zile walitumia mfupa wa bega la ngamia kuwa ubao wao. Naye akautwaa mfupa wa namna hiyo, akawa ananakili herufi za Kurani moja moja. Mkono ulipoanza kumtii, alimtaka mtumwa mmoja aliyejua kuandika amnyoshee hati yake. Habari ilipojulikana akalaumiwa sana, naye hakujali.

Tunawasihi wasomaji wamkumbuke mtumwa huyo, kwa kuwa tutamrudia.

Kalamu ile haikukaa bure. Mwaka 1859 Barghash, ndugu yake, aliinuka kutaka kiti cha Majid, aliyekuwa ametawala Unguja tangu baba yao kufa. Salme alikuwa na miaka 15 tu. Na kwa sababu alijua kuandika, alifanywa karani wa waasi. Yeye ndiye aliyeandika barua kwa wakubwa, na barua za kuagiza silaha. Maasi yakashindwa kwa msaada wa manowari za Waingereza, watu wakafa, na Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni. Baadaye Salme alijuta sana kwa sehemu yake katika mambo hayo. Kwa hiyo tusidhani kwamba kujua kuandika ni wema peke yake. Kalamu yaweza kuandika barua ya upatanisho, yaweza pia kuagiza baruti.

Kuhama kwake

Salme alipatana na Majid, na jambo hilo likamtenga na ndugu wengine waliokuwa upande wa Barghash. Akakaa mjini. Jirani yake alikuwa mfanyi biashara Mdachi wa mji wa Hamburg, jina lake Rudolph Heinrich Ruete. Tunatumia jina la Wadachi kwa Wajerumani kama wazee wetu walivyozoea. Wakapendana. Salme akachukua mimba, na hatari ikawa kubwa. Mwezi Agosti mwaka 1866 akatoka Unguja usiku kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akafika Aden. Huko mtoto wake wa kwanza akazaliwa, ambaye hakuishi muda mrefu. Tarehe 30 Mei 1867 Salme akabatizwa, akaitwa Emily, na siku ile ile akafunga ndoa na Ruete. Kisha wakaenda Ulaya.

Huko Hamburg walipata watoto watatu, Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Mwaka 1870 mumewe akaanguka kutoka katika gari la reli lililovutwa na farasi, akafa. Mdogo wa watoto hao alikuwa na miezi michache tu. Mjane akabaki katika nchi ya baridi, mali zikamponyoka, akahama mji baada ya mji, akafundisha lugha ya Kiarabu ili watoto wapate kula.

Nduguye Barghash, ambaye zamani alimwandikia barua, alikuwa sasa ndiye Sultani, tangu mwaka 1870. Salme alimwomba mara nyingi amsamehe na kumpa urithi wake, asijibiwe. Ndipo wakubwa wa Udachi wakamwona kuwa chombo cha kufaa. Mwezi Agosti mwaka 1885 manowari za Bismarck zilitia nanga mbele ya jumba la Sultani, kumlazimisha akubali madai ya Wadachi katika nchi za bara. Na Salme naye akaletwa katika meli iitwayo Adler, ili madai yake yaongeze uzito. Watu wa mji walimshangilia njiani, lakini nduguye alikataa kumwona. Barghash alipokubali waliyoyataka Wadachi, haja ya binti mfalme ikaisha, akarudishwa Ulaya mikono mitupu.

Huenda msomaji wa Bukoba akauliza, "Mambo haya yanatuhusu nini sisi wa ziwani?" Yanatuhusu sana. Mashindano yale yale ya Wadachi na Waingereza yalimalizika kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890. Kwa mkataba huo Unguja ikawekwa chini ya Uingereza, na huku kwetu mpaka ukapigwa katika mstari wa digrii 1 kusini mwa ikweta, ukakata ziwa na nchi ya magharibi ya ziwa. Bukoba ikaangukia upande wa Wadachi, na mwaka ule ule Emin Pasha akajenga boma hapa. Wazee wetu hawakuulizwa, kama yule binti mfalme naye hakuulizwa alipofanywa chambo. Tofauti ni hii, kwamba yeye aliweza kuandika yaliyompata.

Kitabu chake

Mwaka 1886 kitabu chake kilichapishwa Berlin kwa Kidachi, juzuu mbili, jina lake maana yake ni Kumbukumbu za Binti Mfalme wa Kiarabu. Mwaka 1888 kilikuwa kimekwisha kutafsiriwa kwa Kiingereza. Humo ameeleza jumba la Mtoni na watu wake, vyakula na mavazi, ndoa na matanga, dawa, safari, siku ya kufa kwa baba yake, na vita vya ndugu. Katika utangulizi asema kwamba hapo kwanza hakuandika kwa ajili ya ulimwengu. Aliandika kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakujua asili ya mama yao, naye alikuwa amechoka mwili na roho, hata akadhani hataishi mpaka wawe watu wazima.

Ziko pia barua alizoandika juu ya maisha yake ya Ulaya, kana kwamba anamwandikia rafiki aliyebaki Unguja. Hizo hazikutolewa akiwa hai. Zilichapishwa mwaka 1993, karibu miaka 70 baada ya kufa kwake. Alikufa mjini Jena mwezi Februari mwaka 1924, akazikwa Hamburg, na pamoja naye ukawekwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja ambao aliutunza miaka yote.

Walichofanya watungaji

Mwanamke wa namna hii angewezaje kuepukana na watungaji wa hadithi? Mwaka 2008 Hans Christoph Buch alitoa riwaya ya Kidachi juu ya Unguja, na Salme yumo ndani yake pamoja na Tippu Tip. Mwaka 2010 Nicole C. Vosseler alitoa riwaya nzima juu ya maisha ya Salme. Mwaka 2013 Lukas Hartmann, mtu wa Uswisi, alitoa riwaya iliyofuata habari za wale watoto watatu, hasa Rudolph Said, ambaye mwaka 1929 yeye mwenyewe aliandika kitabu cha historia juu ya babu yake Seyyid Said.

Kwa nini watungaji wasitosheke na maneno ya Salme mwenyewe? Kwa sababu hakusema yote. Juu ya mapenzi yake na Ruete amesema machache tu: kwamba nyumba zilipakana, na kwamba dari ya nyumba ya yule Mzungu ilikuwa chini ya dirisha lake, hata akaweza kuona jinsi Wazungu walivyokula na wageni wao. Juu ya mimba aliyotoroka nayo amenyamaza. Na penye kimya ndipo mtungaji hupata nafasi ya kupanda mbegu zake.

Msomaji apate kuona kazi hiyo inavyofanyika, na tutunge sisi wenyewe kidogo:

Jua lilikuwa limeelekea bara. Salme alikaa nyuma ya pazia, mfupa wa ngamia magotini. Akaandika alifu, nayo ikapinda kama mnazi uliopigwa na kusi. Akaifuta kwa kidole chenye mate, akaiandika tena. Hatua za mtu zikasikika ukumbini. Akaufunika mfupa kwa mtandio wake, akaanza kusoma Kurani kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa akipita akasema, "Mashaallah, binti huyu amcha Mungu." Hatua zilipokwisha, akaufunua mfupa. Alifu ilikuwa imefutika.

Sasa na tupime. Mfupa ni wa kweli, Kurani ni ya kweli, na siri ni ya kweli. Salme ametuachia hayo. Pazia, mate, mtandio, na yule mama aliyepita ukumbini, vyote ni vyetu. Je, tumesema uongo? Kama tungevileta kwenu kuwa ni historia, tungekuwa tumesema uongo. Kwa kuwa tumewaambia kwamba tumetunga, hatukumdanganya mtu. Na huenda mmeiona hofu ya mtoto yule karibu kuliko mlivyoiona tulipowaambia tu kwamba alijifundisha kwa siri.

Jambo hili si geni kwetu Wahaya. Mpiga enanga akiimba habari za shujaa Rukiza, humpa maneno ya kusema mbele ya adui zake, na kila mwimbaji ana maneno yake. Wasikilizaji hawamshitaki kwa hayo, maana enanga ikilia wanajua wamo katika utenzi. Hata nabii Nathani alipomwendea mfalme Daudi alianza kwa kisa cha kutungwa, cha tajiri na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja. Na kwa kisa hicho Daudi akauona ukweli ambao hakutaka kuuona. Lakini angalieni kwamba Nathani hakumwacha mfalme na kisa. Alimfunulia maana yake kabla hajatoka nyumbani mwake.

Basi, anayesoma riwaya juu ya mwanamke aliyeishi na aulize maswali mawili. La kwanza: mtungaji ameonyesha wapi inaishia enanga na wapi inaanza habari? La pili ni zito zaidi: mtungaji amemwondolea mwanamke yule maneno aliyoyaandika mwenyewe, kwa sababu hayakumpendeza yeye au wasomaji wake? Maana kujaza kimya ni jambo moja, na kung'oa mti wa mpaka aliokwisha kuupanda mwenyewe ni jambo jingine.

Maneno yasiyopendeza

Hapo sisi Wakristo tunaingia majaribuni mapema. Tungependa kuisimulia habari ya Salme kuwa hadithi ya mwongofu aliyeacha yote kwa ajili ya imani, akapata raha. Lakini mwenyewe haturuhusu. Ameandika wazi kwamba alipotoka kwao alikuwa Mwislamu kamili, na kwamba Ukristo alioupata Ulaya haukupata kukamilika hivyo moyoni mwake. Aliingia katika nchi iliyojiita ya Kikristo akawa mpweke ndani yake. Mwandishi wa hadithi akilifuta neno hilo ili kutufurahisha, ametunyima jambo la kutufaa, yaani kujiuliza ni wageni wangapi waliobatizwa kati yetu tukawaacha wakae peke yao.

Na lipo jingine. Kitabuni mwake Salme ameweka mlango mzima juu ya utumwa, na humo anautetea. Asema utumwa wa Waarabu ulikuwa mpole, awalaumu Wazungu walioharakisha kuuondoa, na watu weusi awasema kwa dharau. Aliandika hayo mwaka 1886, miaka 13 baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa, mahali ambapo sasa lasimama kanisa kuu la Anglikana. Mwaka 2019 watu wa Hamburg waliuita uwanja mmoja wa mji wao kwa jina la Emily Ruete, kumheshimu mwanamke mgeni aliyeteseka kwao. Mwaka uliofuata, maneno yake juu ya utumwa yalipokumbushwa, halmashauri ya mtaa ikaamua kuliondoa jina hilo.

Hatusemi kwamba kitabu chake kitupwe. Twasema kisomwe chote. Mtungaji anayemfanya Salme kuwa malaika aliyeonewa hupunguza ukweli, na anayemfanya kuwa mtetezi wa watumwa, kwa sababu shujaa wa riwaya hupendeza akiwa hivyo, huupindua. Mwanamke yule aliteswa, naye pia aliona mateso ya wengine asiyaite mateso. Yote mawili yametoka katika kalamu moja.

Sasa na turudi kwa yule mtumwa.

Ni nani aliyemnyoshea binti mfalme hati yake? Ni mtu aliyemilikiwa. Elimu ile, iliyozaa kitabu kinachosomwa Ulaya na Marekani hata leo, ilipita mikononi mwake. Salme amemtaja kwa kazi yake, wala hakutuachia jina lake. Alitoka wapi? Alijifunza wapi kuandika? Nduguze walibaki kijiji gani? Aliwaza nini alipouongoza mkono wa mtoto ambaye angeweza kumwuza? Yeye aliyejua kuandika kuliko mwanafunzi wake hakupata karatasi ya kuandika habari zake.

Hapo ndipo twaona kazi iliyo bora ya riwaya ya historia. Salme hana haja kubwa ya watungaji. Amesema mwenyewe, naye atasema daima mbele ya kila atakayemwongezea au kumpunguzia. Mwenye haja ni yule aliyesimama nyuma ya bega lake. Mtungaji mwaminifu akichukua yanayojulikana juu ya watumwa wa Unguja wa miaka ile, akamjengea mtu huyo siku moja ya maisha, akatuambia kwamba ametunga, hakumdhulumu mtu. Amempa kiti aliyekuwa amesimama miaka 170.

Mama mwingine wa pwani

Ili mtu asidhani kwamba wanawake wa pwani walihitaji kwenda Ulaya ili waandike, na tumtaje Mwana Kupona binti Msham wa nchi ya Pate, upande wa Lamu. Alikuwa mke wa Bwana Mataka, mkuu wa Siyu, yule aliyemsumbua sana Seyyid Said, babaye Salme, kwa kukataa kumtii. Mumewe alipokwisha kufa, Mwana Kupona akaugua. Na karibu na mwaka 1858, akiona siku zake ni chache, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa beti zipatazo 100, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Akafariki karibu na mwaka 1860. Utenzi ule ulihifadhiwa na kunakiliwa, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakautoa kitabuni pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Angalieni jinsi wanawake hawa wawili wanavyofanana, nao walikuwa wa nyumba zilizopigana. Wote wawili waliandika wakiwa wamechoka au wagonjwa. Wote waliwaandikia watoto wao, wakiogopa kufa kabla watoto hawajawajua. Hakuna kati yao aliyetafuta sifa, na sifa ikawafuata.

Na asiyejua kuandika je? Siti binti Saad, mwimbaji mkubwa wa Unguja, hakujua kusoma wala kuandika. Lakini Shaaban Robert alimwendea angali hai, akamwuliza na kumsikiliza, kisha akaandika wasifu wake kwa Kiswahili. Siti alikufa mwaka 1950, na maisha yake yanasomwa, kwa sababu mtu mmoja mwenye kalamu hakungoja matanga.

Wajibu wetu hapa Nshambya

Tukitaka kujua habari za zamani za nchi hii yetu, twasoma nini? Twasoma kitabu cha Mdachi Hermann Rehse juu ya Kiziba, kilichotoka mwaka 1910. Twasoma kitabu cha Francis Xavier Lwamugira cha mwaka 1949, kwa Kihaya, juu ya Kiziba na wafalme wake. Ni vitabu vyema, nasi twawashukuru waandishi wake. Lakini wote wawili ni wanaume, nao waliandika hasa mambo ya wafalme na desturi. Bibi zetu waliolima vibanja, waliotoroka ndoa za lazima, waliokimbilia misioni, waliozika watoto wakati wa tauni na njaa, hawakupewa kalamu. Mwaka 1991 mwanamke wa Uswidi, Birgitta Larsson, alitoa kitabu juu ya wanawake wa nchi yetu na kanisa katika siku za ukoloni, naye alifanya kazi kubwa ya kuwasikiliza wazee. Hata hivyo kitabu hicho ni cha Kiingereza, na kilichapishwa Uppsala. Bibi aliyesimulia hakuweza kusoma alichoandikiwa.

Iko siku mtungaji atakuja kutunga riwaya juu ya mwanamke wa Bukoba. Huenda atakuwa mgeni, huenda atakuwa binti wa hapa hapa. Atauliza, "Aliacha nini kwa mkono wake?" Tukimjibu kwamba hakuna kitu, atatunga yote, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu, maana hatukumwachia mti hata mmoja wa mpaka.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji jambo ambalo halina gharama. Kila nyumba yenye daftari na mtoto ajuaye kuandika na iketi na mzee wa kike aliye humo. Mwandikeni jina lake lote, na jina la mama yake, na la mama wa mama yake, kwa kuwa hayo ndiyo husahauliwa kwanza. Andikeni mahali alipozaliwa na mwaka, au, kama mwaka haujulikani, tukio la karibu nao. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kihaya kama ni Kihaya, wala msiyanyoshe yakawa maneno ya mwalimu. Akisema jambo lisilowapendeza, liandikeni. Akinyamaza, andikeni kwamba alinyamaza, wala msimjazie. Chini ya ukurasa wekeni tarehe na jina la aliyeandika.

Na msichana wa nyumba hiyo akitaka baadaye kutunga hadithi kutokana na daftari lile, mpeni daftari la pili. La kwanza likae kama lilivyo.